Mwenye Nyumba Anayeulizia Vita

Juma lililopita nilikuwa kwa komisioneri mmoja wa mtaa wa Mabanga, mtu wa kutafutia watu nyumba za kupanga. Akaingia mama mmoja, mtoto mgongoni. Mwenye nyumba, papa wa koti lililopigwa pasi aliyekuwa ameketi nasi akingoja mpangaji, hakumuuliza kazi yake.

"Mama, unatoka wapi?"

"Rutshuru, papa."

"Pole sana. Na vita ya kule itaisha lini?"

"Ni Mungu tu anajua. Hata nyumba yetu ilichomwa."

Papa alitikisa kichwa kwa huzuni, huku kidole gumba kikimwashiria komisioneri: huyu anafaa. Mama alipotoka kwenda kuona chumba, akatueleza bila haya:

"Mutu mwenye kwao kumetulia, kisha miezi mbili anarudi kulima na anadai arudishiwe garanti yake, ile pesa aliniwekea wakati wa kuingia. Huyu atabakia. Garanti yake ndiyo itanunua mabati ya nyumba yangu ninajenga kule Munigi."

Nilirudi nyumbani nikiwa na wasiwasi. Mimi pia ni mpangaji, na kila asubuhi mwenye nyumba wangu husimama mlangoni kuniuliza: "Habari za kwenu Masisi? Kumetulia?" Miaka yote nilidhani ni upendo.

Safari hii nilimdanganya makusudi.

"Kumeharibika kabisa, papa. Sijui kama tutarudia kule tena."

"Pole sana, muzee," akasema, mkono kifuani.

Kesho yake akanitumia fundi kuziba bati linalovuja, ambalo nimelilalamikia tangu mwaka jana.