Nilivyopiga msasa sanduku la kuandikia la askari, hapa London

Wakuu, habari za mihangaiko. Kisa hiki ni changu mwenyewe, sijatia chumvi, na mwenye kosa ni mimi.

Useremala nimejifunzia Keko, mtaa wa maseremala kule nyumbani. Sasa naishi Thamesmead, kila siku navuka London nzima kwenda Harrow kwenye workshop ya Mzee Rajabali, Mhindi wa Tanga aliyehamia huku zamani. Tunatengeneza furniture za kale.

Siku moja bibi mmoja Mwingereza akaleta sanduku la mbao, bawaba imekatika. Alitaka bawaba tu.

Wakuu, nililipenda lile sanduku!

Likifungwa ni kasha la kawaida, linaingia kwapani. Ukilifungua linakuwa meza ya mteremko, juu ngozi, kona za shaba, na kichupa cha wino chenye kifuniko cha kukaza kisimwagike safarini. Aliyelitengeneza alimfikiria askari anayeandika barua akiwa amekaa kwenye matope. Mimi na mashine zangu zote siwezi kuunga kona vile.

Bibi alitueleza kuwa baba yake alikwenda nalo vitani, akafia huko kabla yeye hajazaliwa. Likarudi sanduku.

Sasa kosa langu. Ukingo wa mbele vanishi ilikuwa imelika, na pana doa la wino. Kule Keko mteja akikuta kitu haking'ai anakuuliza umefanya nini. Ilikuwa Ijumaa, Mzee yuko msikitini, nikaona nimfanyie bibi wa watu hisani. Nikachukua msasa.

Mzee aliporudi alinidaka mkono. "We bwana! Hapo ndipo kiganja cha baba yake kililala akiandika. Utamwambia bibi wewe mwenyewe."

Nilikuwa nimeshasugua upana wa dole gumba.

Bibi alipokuja nikamweleza yote. Hakufoka. Aliweka kiganja chake pale ambapo msasa haukufika, nikatamani anitukane. Kisha akafunga sanduku akaondoka nalo, bawaba ikiwa bado imekatika.

Niliumia, sitawaficha.

Baada ya wiki mbili akarudi nalo. Mzee akanyoosha mikono apokee, bibi akampita, akaniwekea mimi.

"You know where not to touch," akasema, yaani sasa najua pasipopaswa kuguswa.

Wakuu, si kila kilichochakaa kimeharibika. Fundi, uliza kwanza.

Mwenye kitu cha babu au bibi yake nyumbani atuwekee picha, atuambie kimelika wapi. Na mafundi wenzangu nisemeni tu, nimestahili.