Matairi Mawili ya Remoki

Kwetu remoki ni kitinda mimba. Pikapu ikichakaza matairi, remoki inayarithi, kama mdogo anavyorithi kaptula ya kaka yake matakoni kumeshatoboka. Niliwakuta wote wanaokokota mizigo Gitega wakifanya hivyo, nami sikuuliza. Shule niliishia darasa la tatu, kambini Tanzania nilikokulia, na hilo la tatu lenyewe nililimalizia kwa kuchota maji ya mwalimu. Lakini nisipotee.

Remoki yetu, tela wangesema Tanzania, ilikuwa nyumba. Niliijengea kuta za mbao na bati juu, ndani godoro, jiko la makaa, na sufuria na mablanketi ya kuuza. Tulikuwa tunaikokota kwa pikapu yetu toka Musinzira, mtaa wetu wa Gitega, mpaka sokoni Muyinga, tunalala humo siku za soko, tunarudi. Mke wangu alisafiri ndani yake. Si halali, najua. Lakini sufuria zikiachwa peke yake zinabonyeana, naye alikuwa anazizuia kwa miguu.

Ndiye aliyeanza maneno ya matairi, maana alikuwa anasikia kutoka chini yale ambayo mi mbele sisikii.

"Baba watoto, upande wa kushoto kunapiga kama moyo wa mgonjwa."

"Barabara hiyo."

"Barabara gani inapiga upande mmoja?"

Tukiwa Muyinga akaenda mwenyewe kwa muuza matairi, mi nyuma kama mkwe. Muuzaji akamwonyesha jepesi. Mke wangu akalibonyeza ubavu kwa kidole gumba.

"Mwanangu, hili ni la teksi. Mi niko na nyumba."

Yule akacheka, akatoa mawili mazito, ubavu mgumu. "Haya ni ya mzigo, mama. Remoki yenu haina shokapu, kila shimo linabebwa na tairi. Funga haya, utalala njiani kama mtoto."

Mke wangu akatia kila moja nukta ya rangi ya kucha, nyekundu, kwa sababu wauzaji hukubadilishia ukigeuka kutafuta maji. Rangi yenyewe ilikuwa imebaki toka harusi ya binti yetu.

Tuliporudi Gitega akaenda Itaba kumzika shangazi yake. Nikabaki na matairi mawili yananukia upya. Niseme kweli: niliona aibu. Pikapu ivae makuukuu, remoki ivae mapya? Majirani wangesema baba anakula ugali mkavu na mtoto anatafuna nyama. Rimu zilikuwa sawa. Nikayafunga mapya mbele ya pikapu, na yale ya pikapu, yenye nyufa ubavuni, nikayafunga kwenye remoki, nikayapaka dawa ya viatu yang'ae. Safari moja tu, nilijiambia.

Siku aliyorudi kutoka Itaba ndiyo siku mazutu, yaani dizeli, yalipatikana, na mazutu ya siku hizi hayamsubiri mtu. Tukapakia mbio.

"Matairi yangu umeyafunga?"

"Yapo chini yako. Panda."

Akalipiga la kushoto kwa kiganja bila kuliangalia, kama unavyompiga ng'ombe uliyemzoea, akapanda.

Tulikuwa tumepita Karuzi, tunashuka. Mlipuko sikuusikia vizuri. Niliona usukani unavutwa, halafu kwenye kioo remoki haimo. Ilikuwa imelala ubavu mtaroni. Sufuria ziliendelea kuteremka kwenye maharage ya watu, zinalia. Yeye hakulia. Waliokuwa wakilima walitupa majembe, wakanyanyua ukuta wa mbao, wakamtoa. Nyonga ilikuwa imevunjika, na mguu umegeukia kusikotakiwa.

Hospitali akawa anaangalia kiganja chake.

"Mkono wangu umeniponza. Nilichagua vibaya."

"Ni barabara," nikasema.

Wiki zote alizolala pale alirudia hilo, kwangu, kwa wagonjwa wenzake, kwa Mungu. Nami nilikuwa napoza uji wake kwa kijiko, kimya. Hilo linaniuma kuliko tairi.

Siku ya kumtoa, vijana wanne walimbeba kwenye machela mpaka kwenye pikapu. Nikapambana na mlango, unakwama siku zote, wakachoka, wakamweka chini. Uso wake ukawa usawa wa gurudumu la mbele. Nilipogeuka alikuwa amelowesha kidole kwa mate, anasugua ubavu wa tairi. Nukta nyekundu ikatokea kwenye vumbi.

"Nizungusheni upande wa pili," akawaambia.

Wakamzungusha. Akasugua tena. Ya pili ikatokea.

"Nilichagua vizuri," akasema. Aliwaambia wale vijana, si mimi.

Mlango ulikuwa umeshafunguka, lakini alikataa kukaa mbele na mimi. Wakamlaza nyuma, kwenye bodi, juu ya blanketi. Nikaendesha polepole mpaka Musinzira, na njia nzima yale matairi hayakupiga hata mara moja.