Disketi ya BIOS ya Jirani

Mwishoni mwa miaka ya tisini, Ijumaa mjini Kisumu ilikuwa siku ya kuchapa wafu. Mazishi ni Jumamosi, kwa hiyo ratiba zote zilitufikia Ijumaa, familia zikiwa bado zinabishana nani asome wasifu. Mimi nilikuwa na kibanda cha kuchapa chenye kompyuta moja. Ng'ambo ya korido, mwanamke tuliyejifunza naye kupiga chapa alikuwa na moja pia. Tulikuwa sawa. Nilikuwa nimehesabu.

Kisha yake ikaanza kutoa nyuso. Alinunua skana na diski kubwa, na sasa kila ratiba yake ilikuwa na picha ya marehemu anayetabasamu. Zangu zilikuwa na msalaba, na msalaba ni ule ule kwa kila mtu.

Nikanunua skana ya mtumba na diski kubwa pia, nikapigania bei hadi muuzaji akaniuliza kama nataka na shati lake. Kufika kwangu, kompyuta ikakataa kuiona ile diski. BIOS, ile programu ndogo inayokaa kwenye bodi na kuamsha mashine, ilikuwa ya zamani. Na diski yangu ya kwanza ilikuwa imejaa marehemu, haina nafasi ya picha hata moja.

"Si uboreshe BIOS kama mimi?" jirani akasema, akininyooshea disketi yake. "Dakika tatu tu, nyamera, dada yangu."

"Na stima ikipotea katikati?"

"Hapo bodi imekufa. Lakini yangu haikupotea."

"Wewe una betri ya akiba."

"Kwani nani alikukataza kununua?"

Alinipa ile disketi bure. Mtu akikupa kitu bure mjini, ama ana hila ama anakuonea huruma. Sikujua lipi lingeniuma zaidi.

Ijumaa iliyofuata akaja mzee mmoja kutoka Luanda Kotieno. Alikuwa anamzika mama yake kesho yake. Alikaa kwenye benchi langu kwa sababu la jirani lilikuwa limejaa.

"Picha yake utaweka?" akauliza, akitoa picha ndogo ya kitambulisho.

Nikasema ngoja kidogo. Nikafungua kasha la kompyuta, nikamulika tochi, nikasoma nambari ya bodi. Nikasoma na ile iliyoandikwa kwenye disketi. Zililingana zote isipokuwa tarakimu ya mwisho: yake mbili, yangu moja. Nikasoma tena. Moja. Ni tofauti ndogo, nikajiambia. Lakini hata nyumba yangu na ya jirani zinapishana nambari moja tu, na ufunguo wake haufungui kwangu.

Nikatia disketi hivyo hivyo. Nje, wingu la saa tisa lilikuwa linapanda kutoka ziwani.

"Bado unaogopa?" jirani akaita kutoka kwake, kwa sauti ya kusikika na wateja wote.

"Anaogopa nini?" mzee akauliza.

"Kuiua mashine yake, Baba."

"Sasa ikikufa, mama yangu atachapwa wapi?"

"Mlete hapa. Nitampokea."

Alisema kwa upole, kama mtu anayemkaribisha mgeni chai. Nikachomoa disketi, nikafunga kasha, nikakaza kila skrubu mara mbili.

"Mzee, picha haitawezekana. Msalaba upo."

Akafikiri. "Basi weka mkubwa."

Nikaweka mkubwa. Mvua ikaenda kunyesha kwingine, na stima haikupotea hata sekunde moja mchana kutwa, utadhani imehongwa. Mashine ya jirani ilikuwa inachapa bila kupumua.

Mzee akachukua mzigo wake, akanishukuru vizuri, akatoka. Kwenye mlango wa jirani akasimama kitambo, anaangalia zile nyuso. Nilitaka kumwambia asogee kidogo. Alikuwa ananizuia kuona.