Ngumi Huanzia Kisiginoni

Puu. Kimya. Puu, puu. Kisha pumzi ya mtu ikitoka puani kwa nguvu, kama mbuzi anayepiga chafya. Nilikuwa nimelala chali, Ijumaa yangu ya kwanza Muaither, ughaibuni kwa Waarabu, na sauti ile ilikuwa ikishuka kutoka juu ya dari. Nilidhani kuna mtu anakung'uta zulia. Kwenye kitanda cha juu yangu, mwenzetu wa zamu ya usiku alikuwa amelala fofofo. Katika nyumba ya walinzi daima kuna mtu amelala, ndiyo maana tunatembea kwa kunyata, na mlango hatuuachii mpaka utulie. Nikapanda ngazi peku.

Juu ya paa nilimkuta Mkenya wa chumbani kwetu, mlinzi wa ghala, mtu wa miaka arobaini na ushei aliyewahi kupigana ngumi za ridhaa huko Nairobi. Alikuwa amejaza sare kuukuu na mchanga ndani ya gunia la mchele, akalitundika kwenye chuma cha tangi la maji. Nikamwomba anifundishe.

Sikumwambia sababu. Dar es Salaam nimeacha kundi la waandishi wenzangu. Tunatumiana kazi zetu kwa simu. Tangu nifike huku sikuwa nimewatumia chochote ila malalamiko ya joto. Nilitaka kuwa mtu mwenye kisa.

"Piga," akaniambia.

Nikapiga. Gunia halikutikisika.

"Buda, hiyo ni ngumi ama unabisha hodi?"

Waganda wawili wa chumba cha pili, waliokuwa wakifua karibu na tangi, wakacheka. Mkenya akawageukia. "Hawa Wabongo hata kupiga mtu wanaomba ruhusa. 'Samahani kaka, naomba nikutandike kidogo.'"

Lakini alinifunza, tena kwa subira ambayo sikuistahili. Ngumi, alisema, haitoki mkononi. Mkono ni mjumbe tu. Inaanzia kisigino cha nyuma, inapanda gotini, nyonga inaigeuza, bega linaisindikiza, na vifundo vya vidole ndivyo vinavyofika mwisho. "Zima sigara," alikuwa akisema, akizungusha ncha ya mguu sakafuni, ingawa hakuna kati yetu aliyevuta. Mkono uwe mlegevu hadi unakaribia kufika, ndipo uukaze. Ukikaza mapema umejifunga breki mwenyewe. Ukishapiga, urudishe njia ileile hadi shavuni. Aliniwekea ndala chini ya kisigino. Kama baada ya ngumi kisigino bado kimeikanyaga, ngumi hiyo ni bure.

"Rudia."

Miezi mitatu kisigino changu kiliikanyaga ndala. Mabega yalinenepa, gunia likaanza kuyumba, lakini yeye, aliyekuwa akiniona nikiandika kitandani, alitikisa kichwa. "Unapiga na mabega. Hata kuandika unaandika na mabega?"

Kisha akaitwa kwenye usaili wa kazi ya mlangoni, katika hoteli moja Al Sadd, Jumapili saa tatu asubuhi. Miaka sita alikuwa amesimama ghalani, goti lake moja limekwisha. Alinunua viatu vyeusi, akaviweka chini ya kitanda ndani ya boksi lake, na kila jioni alilifungua akavitazama, akalifunga. "Miaka yote nimezuia watu kuingia," alituambia. "Sasa nitawafungulia."

Ijumaa kabla ya Jumapili hiyo tulivaa glovu ili tupigane kwa mazoezi, na akaweka sharti mbele ya wote. "Leo ni mwili tu, nusu nguvu. Uso wacha. Uso ndio cheti changu."

Nikakubali. Kisha nikampa Mganda mmoja simu yangu anirekodi. Nilitaka kundi la nyumbani linione.

Tulianza vizuri. Nilimgusa mbavuni, akanigusa mbavuni. Mganda wa pili akachoka. "Wewe, piga mutu! Unamupaka mafuta?"

"Mwacheni," Mkenya akasema akicheka, mikono yake imeshuka, uso ameugeuzia kwao. "Bado anaomba ruhusa."

Hapa nataka kuandika bila kujipamba. Niliuona uso ule ukiwa wazi. Niliiona simu pia. Palikuwa na muda, mdogo lakini wa kutosha, wa kuchagua mbavu. Na tayari sentensi ya kuwatumia wenzangu ilikuwa ikijipanga kichwani, sentensi nzuri, yenye mdundo. Ilihitaji ngumi tu.

Kisigino kikageuka.

Haikulia kama kwenye gunia. Ililia kama kitu kibichi. Alikaa chini, glovu juu ya jicho, na alipoiondoa nyama ya juu ya jicho ikaumuka mbele yetu kama andazi kwenye mafuta.

"Hiyo ndiyo," akasema.

Alimaanisha. Mwalimu ndani yake alifurahi kabla mtu mwenyewe hajahisi maumivu.

"Imeteleza, kaka. Wallahi imeteleza."

Niliapa, siku ya Ijumaa, nusu saa kabla sijaenda kutawadha. Alitazama mguu wangu wa nyuma. Kisigino kilikuwa bado kiko juu, kimegeukia nje, na ndala imekaa peke yake sakafuni. Ngumi iliyoteleza haina kisigino. Aliyenifunza jambo hilo ni yeye.

Msalani niliitazama ile video mara tatu ndipo nikaifuta. Mara ya kwanza nilitaka kujua kama inaonyesha kwamba nilikusudia. Mara mbili nyingine niliitazama kwa sababu ilikuwa nzuri.

Jumapili alikwenda na viatu vyake. Kabla ya adhuhuri amerudi, jicho limepiga zambarau, limefumba nusu. "Wameniuliza kama mimi ni mtu wa vita," alisema. "Nikawaambia nimegongwa na mlango. Mtu wa mlango, amegongwa na mlango!" Akacheka peke yake. "Wamesema watapiga simu."

Hawakupiga. Wiki ya tatu kampuni yake ikamhamishia ghala jingine, Al Wakrah, na malazi hukohuko. Alifungasha vitu vyake mchana, bila kelele, kwa sababu juu yangu mwenzetu alikuwa amelala. Boksi la viatu aliliweka mwisho, juu ya nguo. Gunia aliliacha pale paani.

Nilikaa kitandani, mikono imekaa magotini kama ya mtoto anayesubiri kuitwa ofisini kwa mwalimu. Alishika begi, akafika mlangoni.

"Kaka," nikasema. "Haikuteleza."

"Najua."

Akatupa jicho kitanda cha juu, akashusha sauti. "Na bado unaangusha mkono wa kushoto ukipiga. Rekebisha hiyo."

Akatoka. Akaushika mlango kutoka nje mpaka kitasa kikaingia mahali pake, polepole kiasi kwamba aliyelala hakugeuka hata ubavu.