Alama za Mama Yangu Hazikuwa Madoa

Walipomaliza kumsafisha mama yangu, darasa zima lilipiga makofi.

Nilikuwa nimetoka kunywa maji bombani. Niliporudi nikakuta sura yake imerushwa ukutani kwa ile mashine yao, kubwa kama mlango. Macho yameng'arishwa. Mashavu laini kama ya yule msichana wa kwenye kopo la mafuta ya kupaka. Ulikuwa uso wa mwanamke mzuri, sikatai, lakini haukuwa wa mama. Kuzunguka macho yake, mahali ambapo tangu nizaliwe palikuwa na mapete ya chale, hapakuwa na kitu.

"Dada, njoo umwone bibi!" mwenzangu wa meza akaniita. Alikuwa na saluni pale Mikumi, kwa hiyo sote tulimwita dada wa saluni. "Nimemtoa madoa yote. Nimehangaika naye, we acha tu!"

Mwalimu akanigeukia. "Vipi, mama? Si amependeza?"

"Rudisha," nikasema.

"Nirudishe nini?"

"Rudisha alivyokuwa."

Akainama kwenye kompyuta, akabofya mara mbili tatu, kisha akasimama wima. "Hii tumeshahifadhi juu ya ile ya kwanza," akasema. Alivyosema ungedhani anazungumzia kiporo cha wali.

Nimeishia darasa la nne na sijawahi kuandika kitu kirefu namna hii. Naandika ili wanaohusika wajijue. Majina yao ninayo. Siyaweki hapa, kazi walizokuwa wakifanya zinatosha kuwatambulisha.

Mama yangu alitoka kwa watu wa ng'ombe. Baba alikuwa mkulima wa Kilosa, akamwoa akamleta Mabwerebwere, akaacha ng'ombe akajifunza mahindi. Kiswahili chake kilibaki cha kuokoteza mpaka uzeeni. Watoto wa mtaani walikuwa wakimwita mama miwani kwa sababu ya zile chale. Mimi nikiona haya, yeye anacheka. Siku moja nilimwuliza kama ziliuma. Akaniambia ziliuma sana, ila kwao binti asiyekuwa nazo ni kama hajapewa kwao. Kalamu hajui kuishika, akasema, lakini kwao ameandikwa usoni, na popote atakapoangukia watu wake watamsoma.

Alipigwa picha mara moja tu maishani. Baba alimlazimisha siku ya soko, wakaingia studio iliyokuwa karibu na stesheni ya reli. Picha yenyewe nyeusi na nyeupe, ukubwa wa kiganja. Mama anatazama mbele kama anayesubiri kukaripiwa.

Mto ulipoingia Mabwerebwere, baba akiwa ameshafariki, uliondoka na nyumba yetu na mama yangu. Mimi nilishikwa na mwembe wa jirani, nikabaki. Siku ya tatu waliniita kwenda kutazama waliookotwa. Sitaeleza nilichokiona. Nitasema tu kwamba uso haukuwa uso tena, na nilimjua kwa yale mapete. Nilipiga magoti nikayagusa kwa kidole, ya jicho la kulia, kisha ya jicho la kushoto. Alikuwa ameandikwa, nami nikamsoma.

Picha niliipata ndani ya bati la biskuti lililonasa kwenye kenchi ya paa letu lililotupwa na mto. Ilikuwa imelowa, imeota ukungu pembeni, na ufa umepita begani. Lakini uso ulikuwepo wote. Nilikwenda kwenye ile studio kuuliza kama wana mkanda wake wa filamu. Nikakuta pamekuwa duka la vipuri vya baiskeli. Mwenye duka hakujua hata kwamba paliwahi kuwa studio.

Nikahamia Mikumi kwa mdogo wangu, nikawa nauza vitunguu na machungwa pale mabasi ya Iringa yanaposimama. Hapo ndipo nilipoikuta kamera isiyo na mkanda. Mtalii mmoja alinipiga picha na vitunguu vyangu, kisha akaigeuza kamera akanionyesha. Nikajiona kabla sijamaliza kushangaa! Mdomo bado uko wazi kwenye kioo, na wangu wenyewe bado uko wazi vilevile. Nilimwuliza kwa mikono, mkanda uko wapi? Akacheka, akaniachia kuishika. Basi likapiga honi, akaondoka. Siku nzima nilikuwa nauza vitunguu nikijiuliza: mimi niko wapi sasa? Niko ndani ya kile kidude, naelekea Iringa?

Kwa hiyo nilipoona tangazo kwenye geti la chuo, kozi ya miezi mitatu ya upigaji picha na usafishaji wa picha kwa kompyuta, anayejua kusoma na kuandika anatosha, niliingia. Ni kweli nilikwenda kwa ajili ya mama, ili ule ukungu utolewe na ule ufa uzibwe. Lakini nisiseme uongo, nilikwenda pia kwa sababu nilitaka kujua.

Na nilijua mengi, hilo siwanyimi. Mwalimu alikuwa kijana. Nje ya darasa ananiamkia "Shikamoo, mama", ndani ananiambia kaa pale, shika hivi, acha kupumua. Maana kweli unatakiwa kuacha kupumua unapobofya, la sivyo picha inayeyuka. Nilijifunza kwamba jua la saa sita linamchimba mtu mashimo chini ya macho, na kwamba la saa moja asubuhi linamsamehe kila mtu. Alitutoa barabarani kupiga nyani wanaoketi kando ya lami. Nyani mmoja akachukua kifuniko cha lenzi, akakinusa, akakitia shavuni, akaondoka nacho kama mwenye risiti. Tulikuwa kumi na mmoja na kamera zilikuwa tatu, kwa hiyo tulikuwa tunapeana zamu. Zamu yangu ikiisha nilibaki nimezungusha vidole vyangu kama dirisha, natazama dunia kupitia humo.

Kilichonimaliza kabisa ni siku aliyotuonyesha picha kwa ndani. Alichukua picha ya ng'ombe akaikuza. Ng'ombe akawa jicho, jicho likawa giza, giza likawa vimraba vidogo vidogo, kila kimoja na rangi yake. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, kila kimraba kinajua kiko kwenye jicho la ng'ombe?"

Darasa likaangua kicheko. "Mama naye!" mmoja akasema. "Kiulize kama kimekula!"

Mwalimu hakucheka. "Hapana, mama. Kinajua rangi yake tu."

Jibu lile nilitembea nalo wiki nzima. Natazama mtu stendi, nawaza: vimraba. Mlima: vimraba. Nani basi anajua kwamba hiki ni cha uso wa nani? Ni anayetazama peke yake.

Ndipo nikaleta picha ya mama. Nilimwambia mwalimu, na ninakumbuka maneno yangu kwa sababu niliyapanga njiani: "Ukungu huu utoe, ufa huu uzibe. Hizi za machoni ni chale, siyo uchafu. Usiziguse." Akasema, "Sawa, mama, nimeelewa."

Akailaza kifudifudi juu ya kioo cha skana. Picha ilikuwa bado inanatanata, si ilitoka majini? Taa ikapita chini yake, sura ikatokea kwenye skrini, kila kitu kipo, hata nyuzi za kitambaa chake cha kichwani. Nikapiga kigelegele. Alipotaka kuinyanyua, picha haikutoka. Ilikuwa imegandana na kioo. Hakusubiri, hakuuliza. Akaibandua kama mtu anayebandua tangazo ukutani. Mkononi akabaki na karatasi nyeupe yenye mabega. Uso ukabaki kwenye kioo.

"Usijali, mama," akasema. "Sasa iko ndani. Ndani ni salama kuliko karatasi." Akachukua kitambaa na spiriti, akaufuta uso wa mama yangu kwenye kioo ili wa nyuma yangu naye aweke yake.

Na mimi nikakubali. Nilikuwa nimeshalewa na vimraba. Nilifikiri kilichoingia mle ndani hakiwezi kufa.

Alikuwa na utaratibu wake mwalimu yule: hakuna kusafisha picha yako mwenyewe. Mtu wako utamwonea huruma, alisema, na ukimwonea huruma hutajifunza kitu. Badilishaneni. Dada wa saluni akapewa mama yangu. Mimi nikapewa picha yake ya harusi.

"Huyu mwanamume mfute," akaniagiza.

"Mumeo?"

"Alikuwa. Mfute kabisa. Mkono wake wa kulia uache, umeshika kisu cha keki, ukiutoa keki itaonekana inajikata yenyewe."

Tulicheka mpaka mwalimu akatugongea meza. Nilimfuta yule bwana kuanzia viatu. Unachukua pazia lililo pembeni unalipaka juu yake, kidogo kidogo, na anapotea kama hakuwahi kualikwa. Nilipofika shingoni nilisita. Nikamtazama machoni, nikamuuliza dada wa saluni kama ana uhakika. "Endelea," akasema. Nikaendelea, na sitaficha, ilikuwa tamu. Kumbe mtu anaondoka rahisi hivyo! Nikasimama nikaenda bombani, bado nacheka.

Yaliyofuata nimeshaeleza.

Mbele ya darasa zima, makofi yalipokufa, mwalimu aliona uso wangu akabadilisha sauti. Akashika flashi yake ya kuhifadhia picha iliyokuwa inaning'inia shingoni mwake pamoja na funguo. "Nina nakala ya ile ya kwanza humu," akasema. "Kila picha naweka nakala. Jumatatu nitakuletea, mama. Usilie."

Jumatatu hakuja. Jumanne tukaambiwa amepata kazi Dar es Salaam.

Nikaenda kwa mkuu wa chuo. Alikuwa mtu mzima kunizidi, nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Akasema mwalimu alikuwa wa mkataba, na flashi ni mali yake binafsi, chuo hakihusiki.

"Uso wa mama yangu nao ni mali yake binafsi?"

"Mama, picha si tunayo? Nimeitundika kule ukumbini. Wageni wameisifu sana."

Nilikwenda ukumbini. Kweli alikuwepo, ndani ya fremu ya dhahabu, amesafika. Nikarudi kumwomba aitoe. Akasema atalifikiria. Nilihitimu, nikapewa cheti, na siku hiyo bado alikuwa ukutani.

Dada wa saluni alinifuata baadaye Kilosa nilikorudi, amebeba sukari na khanga. Alikaa kwenye mkeka, hajagusa chai.

"Dada, nilimwuliza," akasema. "Wallahi nilimwuliza mwalimu, haya mapete ya machoni niache? Akaniambia, toa, wageni wanakuja kukagua, tunataka picha ya kupendeza ukutani."

"Alikuambia toa?"

"Kwa mdomo wake."

"Na mimi ulishindwa kuniuliza?"

"Ulikuwa umekwenda kunywa maji," akasema, akalia. Huyu nilishamsamehe. Simweki kwenye hesabu ya wenye kosa, ingawa ni kidole chake kilichobofya.

Sasa nina kibanda changu cha picha hapa Kilosa. Napiga za pasipoti, za harusi, na za marehemu ndizo nyingi, watu wanakuja na picha ya kundi wanataka mmoja atolewe awekwe mbele ya jeneza. Kila picha naihifadhi mara mbili kabla ya kuigusa. Nikikuta doa usoni namwita mwenye picha, namwonyesha kwa kidole: hili ni nini? Wengine hukasirika. Wengine hunieleza lilivyopatikana, na tunaliacha.

Ile picha safi ya mama ninayo kwenye kompyuta. Nimejaribu kumrudishia chale zake mimi mwenyewe, kwa mausi, alasiri wateja wakiisha. Jicho la kulia linakubali. Kwenye jicho la kushoto ndipo ninaposhindwa. Mapete yalikuwa mawili au matatu? La nje lilikutana, au liliachia nafasi? Niliyagusa kwa kidole changu siku ile ya mto, na sikumbuki. Mabinti zangu walioolewa, wakija kunitembelea, wananiambia, mama, weka mawili, nani atajua? Nawajibu kwamba kimraba hakijui kiko kwenye uso wa nani, na nikiweka mawili kwa kubahatisha hata mimi nitakuwa sijui.

Mkuu wa chuo, uliniambia utalifikiria. Umelifikiria? Ile fremu iko kwa nani, na chini yake mmeandika ni nani yule?

Na wewe mwalimu, uliyekuwa ukiniamkia shikamoo, huko Dar es Salaam uliko. Uliniambia umeelewa, kisha ukamwambia mwenzangu atoe. Hilo nina shahidi wake. Lakini siyo ninalokuuliza leo. Ulishika flashi mbele ya watu kumi na mmoja ukasema mama yangu yumo humo. Kama alikuwemo, mlete, hata kama ni kwa mtu wa basi, kibanda changu kiko karibu na stesheni, wote wanakijua. Kama hakuwemo, na ulisema vile ili ninyamaze, basi njoo uniambie hivyo, kwa mdomo wako, nikikutazama. Alikuwemo, au hakuwemo?