Kona ya Tano

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za masomo yangu ya uzamili, mwanangu, ni ile niliyomnyamazisha Mzee Lukas mbele ya wajukuu wake, kijijini kwetu Nyabusozi.

Ujanani alikuwa mchochea moto kwenye gari moshi la mvuke, njia ya Kigoma. Kwetu Biharamulo hakuna reli, kwa hiyo kila jioni watoto walisafiri kwa mdomo wake. Alipuliza, akapiga mluzi, akazitaja kona tano za milimani, nao wakaegemea upande kwa kila kona. Mimi nilikuwa na ramani ya reli hiyo, niliyotoka nayo chuoni.

"Samahani babu," nikasema, "kona ni nne."

Mjukuu mmoja akadakia, "Babu, treni yako imeacha reli!" Wakaangua kicheko. Mzee akainuka, akaingia ndani.

Baada ya wiki mbili, nikiwa nimerudi chuoni, binti yake alinipigia simu. "Hasimulii tena. Watoto hawaji. Chakula anakirudisha. Ulimfanya nini baba?"

Nilijitetea moyoni kwamba ramani ni ramani. Kisha nikajiuliza kama niliwahi kupita pale. Sikuwahi.

Nikaenda kupanda treni ya Kigoma. Siku hizi ni ya dizeli, lakini milima ilipoanza abiria waliacha mazungumzo, wakasogelea madirisha. Nilihesabu kwa vidole: moja, mbili, tatu, nne. Nikainua kikombe. Behewa likapinda kidogo tu, chai ikamwagika.

Kutoka Biharamulo mjini nilimhimiza dereva wa bodaboda hadi akauliza kama nina mgonjwa. Nikampigia tena binti wa mzee. Simu haikuwa ikipokelewa.

Nilimkuta mzee ameketi, amekonda. Niliomba kwanza wajukuu waitwe.

"Shikamoo babu. Nilikosea. Kona ni tano."

"Marahaba. Nani kakwambia?"

"Chai yangu."

"Ilimwagikia upande gani?"

"Kulia."

"Basi bado inapinda kushoto." Akawageukia watoto. "Shikeni vizuri." Akapiga mluzi, wote wakaegemea kulia.

Mwanangu, ukiwa na ramani mkononi na mbele yako yupo aliyeipita njia, muulize kabla ya kumsahihisha. Na ukimwaibisha mtu, rudi ukakiri mbele ya walewale waliomcheka, ungali na nafasi. Mimi niliikuta kwa bahati tu. Mungu akujalie masikio yenye subira, akufikishe salama kila uendako.