Maswali ya Jikoni, Kaisho

Siku yangu ya kwanza ya udadisi, yaani kuhoji watu nyumba kwa nyumba, niliharibu kazi kabla ya saa sita mchana. Nawaambieni mapema, ninyi mnaotembea na vishikwambi, msije mkadhani sisi wa karatasi tulizaliwa tunajua.

Ilikuwa Kaisho, wiki chache baada ya uchaguzi mkuu. Tulikuwa tukiwauliza wapiga kura walimchagua nani na kwa nini. Ukifika kwenye nyumba unaandika majina ya watu wazima wote kwenye vikaratasi, unavikunja, kimoja kinaokotwa. Aliyetoka ndiye mhojiwa, hakuna kubadilisha. Kwa mfugaji mmoja akatoka mama mwenye nyumba. Mumewe akavuta kiti, akanipa kahawa ya kutafuna, ile ya kumkaribisha mgeni, na maswali yote akajibu yeye.

"Kura yetu ni moja," alisema.

"Andika alivyosema baba watoto," mama akaitikia. Nikaandika, nikashukuru, nikaondoka natafuna.

Jioni Msimamizi wetu, mama asiyecheka ovyo, aliipitia hojaji, yaani ile karatasi ya maswali.

"Binti, umemhoji nani hapa?"

"Mama mwenye nyumba."

"Mama gani analalamikia josho na malisho, maji hayataji hata mara moja? Kesho unarudi, umhoji peke yake. Ukishindwa, keshokutwa panda gari urudi kwenu."

Loo, nilinuna! Lakini nilirudi. Nilimkuta mama jikoni anamenya ndizi, nikaomba kisu, nikaketi naye. Mume alisimama mlangoni, akakohoa, akaenda zake. Jikoni kwa wanawake angekaa wapi?

"Mwanangu," mama alisema polepole, "mimi sikumpa yule wa baba watoto. Nilimpa aliyezungumzia maji, maana ndoo nabeba mimi. Lakini akijua, atanirudisha kwetu Rugera, na watoto watabaki huku."

Niliandika, nikamwonyesha kuwa hojaji haina jina, ina namba tu.

Mume alinisindikiza hadi mwisho wa migomba, kama heshima inavyotaka. Pale akasimama.

"Umetafuna kahawa yangu. Niambie, kasema nini?"

"Nisamehe baba, siwezi."

"Basi kitongoji hiki hutauliza tena."

Hakutania. Nyumba zote zilizobaki zilinikataa. Nilimwendea Msimamizi nikijua sina kazi tena. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakunjua ramani.

"Kesho utaanzia Kihanga," akasema.

Nikaendelea hivyo uchaguzi baada ya uchaguzi, Karagwe na Kyerwa, mpaka magoti yakagoma. Yule mama nilimwona mara moja tu, gulioni, na mumewe na watoto. Tulipishana kama tusiojuana, nami nikafurahi siku nzima.

Sasa nimestaafu. Baada ya uchaguzi uliopita, binti mmoja mdadisi alibisha hodi kwangu. Kishikwambi chake kikamchagua mume wangu. Nikavuta kiti.

"Bibi, samahani, naomba utupishe kidogo."

Mimi! Nikaenda jikoni kumenya ndizi, sikio liko sebuleni, na sikusikia kitu. Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kujua mzee anampa nani kura, na siku hiyo nilitamani sana kujua. Binti alipomaliza nikamsindikiza hadi mwisho wa migomba. Pale nikasimama.

Sijafungua mdomo, binti akaniangalia usoni. "Nisamehe bibi," akasema, "siwezi."

Nilimkumbatia yule mtoto mpaka akashangaa. Nikarudi nyumbani, na mpaka leo sijui.